Majina Mawili kwenye Mstari Mmoja

Doto mwanangu,

Wewe na mama yako mmekwenda Tinde kumuaga shangazi yako na mmewachukua watoto wote wawili, kwa hiyo nyumba imetulia na nina saa kadhaa za kuandika kabla hamjarudi. Kesho asubuhi gari linakuja kuwapeleka Mwanza, uwanja wa ndege. Nimeamua kuandika kwa sababu jambo hili kila nikilisema kwa mdomo nahamaki, na kila nikihamaki wewe unanyanyuka kwenda kuosha vyombo. Barua huwezi kuiacha sebuleni ukakimbilia jikoni. Itakufuata hadi huko Accra.

Mambo ya mizigo, vyandarua, dawa za watoto na ile michembe ya viazi vikavu uliyofungiwa kwenye mfuko wa kitambaa, mama yako ameyamaliza, siongezi neno. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni mwanao mdogo, Masanja.

Mmeamua Limi aende nanyi kwa sababu ile shule ya kimataifa imempokea, na Masanja abaki hapa Kagongwa na sisi mwaka mmoja, asome twisheni ya Kiingereza, kisha wampime tena. Baba Limi alinipigia simu kutoka huko Accra kazini kwake kunieleza, kwa adabu sana, sina la kumlaumu. "Baba, ni mwaka mmoja tu. Na kampuni inalipia shule ile peke yake." Nikamjibu kwamba nimesikia. Sikusema nimekubali, na nadhani alilitambua hilo, maana akageukia kuniuliza habari za mvua.

Siku ya usaili nilikuwepo. Niliandika kila kitu kwenye shajara yangu jioni ile, na leo nimeufungua ukurasa wenyewe ili nisiongeze chumvi. Ulimvika Masanja shati jeupe la mikono mirefu, ukamkalisha mbele ya kompyuta hapa hapa kwenye meza ninapoandikia. Yule mwalimu akatokea kwenye kioo, mama mtu mzima mwenye miwani, sura ya upole. Masanja akainuka kwenye kiti kama tulivyomfundisha, akasema, "Shikamoo." Mwalimu akatabasamu, akasema ya kwake kwa Kiingereza, akanyanyua picha ya paka. Masanja akasubiri. Akasema tena, "Shikamoo," safari hii kwa sauti kubwa, nadhani alidhani yule mama yuko mbali. Mwalimu akanyanyua picha ya mpira. Wewe ulikuwa umechuchumaa nyuma ya kompyuta, jasho linakutoka, unamnong'oneza, "Masanja, mwambie ni nini kile, unakijua." Naye akakunong'oneza, "Mama, hajaitikia."

Akaamkia mara ya tatu. Kisha akakaa, akafunga mdomo, na hakuufungua tena hadi yule mama alipoaga.

Barua yao ikaja baada ya siku nne. Ulinitafsiria mwenyewe: Limi yuko vizuri, karibu sana, mdogo wake bado hana utayari wa kijamii wa kuingia darasani. Maneno hayo, utayari wa kijamii, niliyaandika kwenye shajara nikayapigia mstari mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Mtoto wa miaka sita amemwamkia mtu mzima mara tatu. Mtu mzima hakuitikia hata mara moja. Halafu aliyepungukiwa ni mtoto. Na shule hiyo, kwa maelezo yako mwenyewe, imepanga bendera za nchi nyingi kwenye ukumbi wa kulia chakula, na yetu imo. Maana yake bendera wameipokea. Mwenye bendera ndiye wamemwambia asubiri mwaka.

Nikakuuliza kwa nini usiwaandikie kuwaeleza maana ya shikamoo. Ukasema, "Baba, wale hawabembelezwi. Wana foleni ya watu." Sentensi hiyo naifahamu. Niliwahi kuisema mimi, karibu neno kwa neno, na nilikuwa naisema juu yako na pacha wako Kulwa.

Sasa nakuja kwenye yale ambayo sijawahi kumwambia mtu.

Unajua nilikuwa karani wa stoo mgodini. Unajua pia kwamba ndani ya uzio wa mgodi kulikuwa na shule ndogo ya kutwa ya watoto wa wageni, nyumba tatu za bati la kijani, bembea, na bwawa la kuogelea lenye maji ya buluu wakati sisi nje tulikuwa tunangoja lori la maji. Mwaka mlipofikisha miaka saba, likaja tangazo kwamba wafanyakazi wazalendo wa ngazi fulani wanaweza kuomba nafasi za watoto wao. Nikachukua fomu. Ilikuwa na mstari mmoja wa kuandika jina la mtoto.

Mimi ni mtu wa fomu, Doto. Kidato cha nne changu kilinifikisha kwenye fomu na kikaniacha hapo. Stooni, mstari ukiwa mmoja, kifaa ni kimoja. Ukiandika viwili, karatasi inarudishwa na bosi anakuuliza kama unajua kusoma. Kwa hiyo nilipoona mstari mmoja nikajua wanataka mtoto mmoja. Sikumuuliza mtu. Nilikuwa na mapacha nyumbani na fomu mkononi, na fikra yangu ya kwanza haikuwa kwamba fomu ina kasoro.

Bibi yako, mama yangu mzazi, alikuwa bado hai. Unamkumbuka alivyokuwa na ninyi. Kwetu mabasa, yaani mapacha, hawatenganishwi katika kupewa; akimpa mmoja kipande cha kiazi anamwita wa pili kabla wa kwanza hajauma. Hata akimchapa mmoja, wa pili anaguswa kidogo na kile kijiti ili wawe sawa, na mlikuwa mnacheka wote. Nilimweleza habari ya shule. Akaniuliza, "Na mwenzake?" Nikamwambia mwenzake atasoma shule ya msingi ya hapa. Akauliza tena, "Na mwenzake?" kana kwamba sijasema kitu. Nikamwambia, "Mama, hayo ni mambo ya zamani, hii ni shule ya kimataifa, wana foleni ya watu." Siku ile nilijiona nimeelimika sana.

Ili nitende haki, nikawatungia mtihani. Hesabu kumi kwenye karatasi, kila mmoja yake, mezani, mama yenu akiwa sokoni. Nikawaambia karatasi zinakwenda shuleni kusahihishwa na wazungu. Hazikwenda popote. Nilisahihisha mwenyewe stooni wakati wa chai. Wewe ulipata saba. Kulwa alipata nane.

Soma tena ukitaka. Kulwa alipata nane.

Lakini wiki ile Kulwa alikuwa na mapunye kichwani. Mama yenu alikuwa amemnyoa na kumpaka ile dawa ya zambarau, kichwa kizima kinang'aa kama bilinganya. Na mkuu wa shule alikuwa ametaka tu amwone mtoto, basi, hakukuwa na mtihani wala nini. Nikafikiria kuingia getini mbele ya wale walinzi na wale wageni nimemshika mkono mtoto wa zambarau. Nikaona haya, na sina neno jingine la kuliita. Nikakuchukua wewe, nikakuvisha gauni la Krismasi, mama yule wa kizungu akakuuliza kama unapenda kuogelea, ukatikisa kichwa kwamba ndiyo, ingawa hukuwa umewahi kuona maji yanayozidi beseni. Ukapokelewa.

Nyumbani nikasema majibu yametoka: Doto amefaulu, Kulwa hakufaulu. Mama yenu akaamini. Wewe ukaamini. Kulwa akaniuliza, "Nilikosa ngapi?" Nikamwambia, "Nyingi kidogo." Akaenda nje.

Jioni ile niliandika shajara kama kawaida yangu. Nimeifungua leo. Nimeandika kwamba mvua ilikuwa ya rasharasha, kwamba kuku mweupe ameanza kuatamia, kwamba Doto kapokelewa, na kwamba Kulwa hakufaulu. Kwenye shajara, Doto. Daftari ambalo hakuna mtu analisoma, ninalolifungia kwenye sanduku la bati, na humo pia nikadanganya. Miaka yote hii nimejisifu kwamba mimi ni mtu wa kumbukumbu sahihi. Mvua nimeiandika sahihi.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wako. Nataka ujue nilichokiona kwa upande wangu. Ulijifunza Kiingereza kwa mihula miwili, na nilifurahi, nilikuwa nakuomba useme mbele ya wageni. Kisha ukaanza kuniomba nikuache kona ya kabla ya geti, usionekane umebebwa kwenye baiskeli. Ukaanza kurudi na chakula chako hakijaguswa. Na kuna ile siku ulisahau koti lako la mvua, Kulwa akaja nalo mbio kutoka kwao shuleni, miguu imejaa tope, akakunyooshea kupitia uzio. Nilikuwa nimesimama palepale nangoja mlinzi asaini karatasi yangu. Rafiki yako mmoja akakuuliza kwa Kiingereza yule ni nani. Ulijibu kwa Kiingereza, na hicho nilikielewa: kwamba ni mtoto wa jirani.

Ulikuwa na miaka minane. Sikulaumu hata chembe, na ningejua kama bado linakuuma ningekwambia zamani uliache. Aliyestahili kulaumiwa alikuwa mtu mzima aliyesimama na karatasi mkononi, akasikia, akatazama pembeni. Kulwa hakujua Kiingereza, lakini alikuangalia usoni ulipokuwa unajibu. Tangu siku ile hakukuita tena "pacha". Alianza kukuita "Doto", kama watu wote.

Mlikaa chumba kimoja miaka kumi mingine mkisemezana habari za taa na ndoo. Uliolewa, Kulwa akaja akala, akaondoka. Akizaliwa mtoto wako anatuma mchele, haji. Mama yenu anasema ni kawaida ya ndugu wa kiume. Mimi nimekuwa nikiitikia, ndiyo, ni kawaida.

Halafu Pasaka iliyopita nilikwenda msibani Ushirombo, nikakutana na Baba Neema. Humkumbuki pengine, alikuwa dereva wa winchi mgodini, mtu wa darasa la saba, mwandiko wake tulikuwa tunaucheka stooni. Nilijua binti yake alisoma na wewe. Tumekaa kwenye turubai, tunangoja chakula, akaniambia Neema na ndugu yake Juma wote sasa wanafanya kazi Dodoma. Nikasema, "Juma naye alisoma mle?"

"Wote wawili. Kwani wa kwako hawakusoma wote?"

"Fomu ilikuwa na mstari mmoja."

"Si nilimwandika Neema, halafu nikampandisha Juma kwa juu."

"Wakasemaje?"

"Waseme nini? Wakawachukua." Akanitazama vizuri, kisha akaanza kucheka, si kwa ubaya. "Baba Kulwa bwana. Wewe na mistari yako."

Sikula msibani siku ile. Nilirudi na hasira ambayo sijajua bado niielekeze kwa nani. Wale wa shule kwa miaka yote walijua nina mapacha. Waliwaona wote wawili kwenye uzio. Hawakuuliza wa pili yuko wapi, kwa sababu aliye nje ya uzio hawana sababu ya kumuuliza. Hilo nalichukia mpaka leo, na nitakufa nalichukia. Lakini hawakunikataza, Doto. Hakuna aliyenikataza. Nilijikataza mwenyewe kwa niaba yao, tena kwa mwandiko mzuri.

Leo asubuhi, mlipokuwa mnajiandaa, nilitoka na baiskeli nikasema naenda kununua vocha. Nilikwenda mashineni kwa Kulwa. Alikuwa amejaa pumba hadi kwenye nyusi, mashine inanguruma, kina mama watatu wanangoja mpunga wao ukobolewe. Nikamwomba azime. Akasema, "Baba, nikizima hawa watanipiga." Nikamwambia azime. Akazima. Wale kina mama wakaona uso wangu, wakatoka wenyewe.

Nikampa karatasi. Nilizitunza zote mbili ndani ya shajara ya mwaka ule, hesabu zako na zake. Akaziangalia muda mrefu. Unajua anavyopiga hesabu kichwani haraka kuliko mashine ya mezani. Alizipitia moja moja kwa kidole, za kwake kwanza, kisha za kwako.

"Hii ndiyo niliyofeli?"

"Hukufeli. Haikwenda shuleni. Niliisahihisha mimi."

"Nane kwa saba."

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini Doto?"

Nikamwambia habari ya mapunye. Nilitegemea matusi, na nilikuwa tayari kuyapokea. Akavua kofia, akainamisha kichwa mbele yangu. Ana upara sasa, hujauona. "Yalikuwa hapa?"

"Na hapo nyuma."

"Basi yameondoka." Akacheka, lakini kicheko kikakatika katikati, akakaa juu ya gunia akanipa mgongo. Baadaye akasema, bila kugeuka, "Mimi nilidhani alijua kwamba ananizidi. Kila akiniongelesha nilikuwa nasikia mtu aliyefaulu." Kisha akasema, "Mwambie, Baba. Usimwachie asafiri hajui." Nikamwambia nitaandika. Akasema, "Ndiyo, wewe andika," na sikujua kama ananitania. Akawasha mashine.

Kwa hiyo na wewe sasa unajua. Hukumzidi ndugu yako. Hukumwibia pia. Nilikuchukua wewe nikamwacha yeye kwa sababu ya rangi ya dawa, na nikawaachia ninyi wawili mbebe tofauti niliyoitengeneza mimi mezani.

Najua utasema Masanja si Kulwa. Ni mwaka mmoja, kuna simu ya video, babu na bibi wanampenda. Yote kweli. Lakini juzi nilimsikia akimuuliza dada yake kule nyuma ya nyumba, "Wewe ulijibu nini mpaka ukafaulu?" Na Limi, ambaye hana ubaya wowote, akamjibu, "Mimi sikuamkia." Nilikuwa nimeshika ndoo ya maji ya ng'ombe. Niliiweka chini.

Ana miaka sita na anatafuta kosa lake. Akibaki hapa atalipata, hata kama halipo. Na mimi nitakuwa mtu wa kumsaidia kulitafuta, kila jioni, kwa twisheni, ili mwakani asiamkie watu wazima. Kazi hiyo siifanyi. Mjukuu simkatai, akija likizo atakuta kitanda na ndama mwenye jina lake. Ninachokataa ni kuwa stoo ya mtoto mliyeambiwa bado hafai. Nimezeeka, lakini sijafika mahali pa kurudia kosa lile lile kwa mikono ile ile.

Ile shule nyingine, ile ndogo uliyoniambia inaendeshwa kwenye nyumba ya kawaida, umbali wa dakika chache kwa miguu kutoka mtakapoishi, mwalimu mkuu wake alikwambia nini? Uliniambia mwenyewe, ukicheka: alikuuliza watoto wanapenda kula nini, na wanalala saa ngapi. Ukaiacha kwa sababu haina bwawa, na kwa sababu wenzake Baba Limi hawapeleki watoto huko. Mwanangu, wewe ulikuwa na bwawa. Niambie siku moja lilikupa nini. Kuhusu kampuni kulipia, Baba Limi aulize kabla hajaambiwa haiwezekani. Aulize kwa barua, wakatae kwa barua. Nimekaa maisha yangu yote natii makatazo ambayo hakuna aliyeyatoa, na sitaki kumwona mkwe wangu akiyarithi. Wakikataa kweli, basi mtajua ni wao waliokataa.

Tiketi ya Masanja bado ipo; nilimuuliza Baba Limi jana, akasema alikuwa anangoja umpe neno ndipo airudishe. Pasi yake imo kwenye bahasha ya kaki pamoja na yako na ya Limi, sikuigusa. Begi lake nimemfungia mimi mwenyewe alasiri hii. Shati jeupe limo. Begi liko chini ya kitanda chetu, na uamuzi ni wako. Ukiamua vingine, nitalifungua bila maneno na nitampokea mtoto kwa furaha mbele ya macho yake. Hasira yangu itabaki humu kwenye karatasi.

Kulwa anakuja saa kumi na mbili asubuhi. Ndiye atakayewaendesha hadi Mwanza. Amemwambia yule mwenye gari alale tu. Sikumwomba. Kaa kiti cha mbele, wewe na yeye.

Jambo la mwisho. Fomu ya ile shule ndogo, uliyoichapisha pale stesheneri Kahama kisha ukaiacha, niliikuta kwa Masanja. Nyuma yake amechora mashine ya mjomba wake, na mtu mwenye kofia. Mbele haijaandikwa kitu. Nimeikunjua, nimeinyoosha chini ya shajara, nimeiweka ndani ya bahasha hii. Nimeitazama vizuri. Ina mstari mmoja wa jina la mtoto, mfupi kuliko ule wangu.

Mwandike Limi. Kisha mpandishe Masanja kwa juu.

Baba yako,
Baba Kulwa na Doto